Namba tatu imenoki

Usiku jenereta namba tatu ilipokufa nilikuwa na miezi minne tu pale mgodini, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea kazi, si cha kufanyia kazi. Nilishika redio ya mkononi, nikabonyeza, nikamwambia bosi: "Number three has knocked."

Niliisema kwa kujiamini. Ningeweza kukosea sentensi nyingine yoyote, lakini hiyo hapana. Ufundi niliujulia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na pale neno "imenoki" halina mjadala. Injini ikinoki imekwisha. Beringi zimekula kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, chuma kimeng'ang'ania chuma, na mwenye gari huletewa kiti kwanza ndipo atajiwe bei.

Bosi wangu alikuwa Mwaustralia wa makamo, mpole, mpenda kulala mapema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza nipunguze mzigo, niiangalie kwa karibu, na asubuhi angekuja kuisikiliza.

Kuisikiliza! Mbele yangu kulikuwa na injini ya silinda 16, kimya jii, harufu ya mafuta yaliyoungua imejaa banda zima. Nikawaza labda wenzetu wana namna yao ya kusikiliza maiti. Sikuuliza. Mtu mwenye woga wa lugha hukubali hata asichokielewa, nami nilijibu "Yes, boss" nikavuta ndoo nikaketi.

Mzigo wa namba tatu ulikuwa umehamia kwa mbili zilizobaki. Kabla ya alfajiri moja ikazidiwa ikajizima, na ya mwisho haikuweza peke yake. Giza totoro. Kinu cha kusagia mawe kikasimama kikiwa kimejaa, na anayejua migodi anajua kwamba kinu kikilala na mawe tumboni, kukiamsha ni shughuli ya watu na zana.

Kulipokucha bosi alichukua mtaimbo, akajaribu kuizungusha kranki. Haikutikisika. Akasema injini ime-"seize". Nikamwambia, si nilikuambia jana? Akasema, hapana, wewe uliniambia ina-"knock". Tulikwenda hivyo mara tatu, kila mmoja akidhani mwenzake anakwepa lawama, mpaka akapiga meza kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, akaniuliza: "Hii ndiyo knock. Ulisikia hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mwenye lugha, "knock" ni mlio. Ni ule ule wa mgeni anayebisha hodi mlangoni. Injini "inayo-knock" inagonga, lakini bado inazunguka, bado ina roho, unaweza kuipunguzia mzigo na kumsubiri daktari asubuhi. Ikishakamata, neno ni jingine kabisa. Sisi tulichukua jina la ugonjwa tukalifanya jina la kifo. Nadhani ni kwa sababu fundi wa zamani akiulizwa kilichoiua injini alijibu kwa kutaja mlio wa mwisho aliousikia.

Kilichoniuma si kwamba sikujua kusikiliza. Kusikiliza ndiyo kazi niliyofundishwa kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Fundi wangu wa Gerezani alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Anaweka ncha kwenye injini, mpini anauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, anafumba macho. "Njoo usikie. Hii inagonga chini au juu?" Tulikuwa na maneno yetu: inagonga, inakohoa, inapiga misi, inalia mluzi, inakwaruza, inachechemea. Mteja akisema "inapiga kelele" alifukuzwa kwa utani: hata watoto wanapiga kelele, sema inaliaje. Sasa mgodini mimi ndiye niliyekuwa mteja. Nilikuwa na "noise" na "sound", na nikitaka kusisitiza naongeza "very loud". Bosi akiniuliza mlio ukoje, najibu "very loud noise, boss", yeye anasugua uso.

Kosa la pili lilikuwa la aibu zaidi, kwa sababu safari hii neno sahihi nilikuwa nalo mdomoni nikalitema.

Tuna boza linalomwagia maji barabara za mgodi ili kutuliza vumbi. Siku hiyo tairi la nyuma lilipanda jiwe lenye makali, nikasikia pwaa! nikiwa kama mita mia hivi. Dereva akashuka, akalizunguka, akasema, "Limebasti." Mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa hiyo fomu ya tukio nikapewa mimi.

Niliifikiria sana. Neno lililonijia lilikuwa "burst", nikalikataa. Nililiona linafanana na basti, neno la utingo na vijana wa kuziba pancha barabarani. Kwenye fomu ya kampuni nilitaka Kiingereza cha kwenye kamusi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Tyre explosion with very loud sound."

Ndani ya nusu saa barabara ilifungwa kwa koni na utepe. Mitambo yote ikarudishwa nyuma, na amri ikatoka kwamba hakuna mtu kulisogelea boza kwa saa 24. Nilidhani kuna jambo jingine limetokea. Dada wa ofisi ya usalama akanifuata karakana, fomu mkononi.

"Kaka, hili tairi lililipuka au lilipasuka?"

"Lilipasuka, dada. Lilikanyaga jiwe, likabasti."

"Sasa si ungeandika hivyo hivyo? Burst?"

"Nilidhani basti ni Kiswahili."

Alicheka mpaka akavua kofia ngumu. Kisha akanieleza kwa upole jambo ambalo kila mtu wa migodini anapaswa kulijua. Tairi kubwa likipashwa joto kupita kiasi, iwe kwa breki zilizoshika moto, kwa radi, au kwa gari kugusa nyaya za umeme, mpira wa ndani huanza kuoza kwa joto na kutoa gesi. Gesi hiyo ikiwaka ndani ya tairi lililojaa upepo, hapo ndipo penye "tyre explosion", na imeua watu waliosimama mbali. Tena inaweza kuja saa nyingi baada ya joto lenyewe, tairi likionekana salama kabisa, ndiyo maana watu husubiri siku nzima. Nilikuwa nimeandika neno linalofunga barabara.

Na kumbe Kiswahili kinatenganisha vizuri tu. Puto, chupa na tairi hupasuka, bomu na baruti hulipuka. Ningefuata Kiswahili changu ningefika salama. Boza lilisimama pale hadi kesho yake, limezungushiwa utepe kama kaburi la mtakatifu, na kwa kuwa ndilo lilikuwa la kutuliza vumbi, sote tulikula vumbi.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye senta nje ya geti, kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Jioni ile niliingia nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umelipua nini?"

Habari zilikuwa zimenitangulia. Nikamweleza yote, na la jenereta nikalirudia. Akaniambia kesho nije na spana mbili, kubwa kidogo, na kamba.

Nilidhani anatania. Kesho yake alichukua spana moja, akaifunga kamba ya katani, akaining'iniza kwenye tawi la mpera. Akaigonga na ya pili. Ililia kama kengele ya shule, mlio ukabaki hewani, ukapungua taratibu mpaka ukapotea. "Clang," akasema. Kisha akaikamata ile iliyoning'inia kwa kiganja, akaigonga tena pale pale. Mlio ukakatika hapo hapo. "Clank."

"Sasa angalia mikia ya hayo maneno," akaniambia. "La kwanza linaishia na ng' ya ng'ombe. Vuta hiyo ng', uone unaweza kuivuta hadi pumzi iishe. La pili lina k mwishoni. Jaribu kuivuta k."

Nikajaribu. Huwezi kuivuta k. Inafunga mlango.

Sijui kama kila neno la Kiingereza lina adabu hiyo, na yeye mwenyewe alikiri mengi hayana. Lakini tangu siku ile sikuyakariri tena maneno haya kama orodha. Niliyasikia. Kesho yake karakana nzima ilikuwa darasa. Mnyororo unaoburutwa sakafuni, "clank". Bomba tupu likidondoka kwenye zege, "clang". Boksi la bolti limemwagika, vitu vingi vigumu, vidogo, kila kimoja na mlio wake, "clatter". Boliti moja iliyolegea kwenye kava ikitetemeka, "rattle". Rafu ya vyuma imeporomoka yote kwa pamoja, na humo ndani kuna vinavyovunjika, hiyo ni "crash". Mkanda wa feni uliochakaa, "squeal", neno lile lile la nguruwe anayeshikwa masikio. Hewa inayovuja kwenye bomba la breki, "hiss", kama nyoka.

Jioni nyingine Mwalimu alinigeuzia swali.

"Embe likianguka mchangani?"

"Tifu."

"Majini?"

"Chubwi."

"Topeni?"

"Tapwi."

"Gunia la mahindi likianguka sakafuni?"

"Pu!"

"Basi. Mswahili anakuambia kimeangukia wapi. Mwingereza anakuambia kishindo kilikuwaje na kiliishaje."

Ni kauli nzuri, na niliitembeza karakana nzima wiki ile. Baadaye niliona haijakaa sawa. Kiingereza nacho kina "splash" ya majini, na "splat" ya kitu laini kilichopondeka, na "thud", ambayo ni pu yenyewe hasa: kitu kizito, kishindo kizito, bila mwangwi. Nikamrudia Mwalimu na ushahidi wangu. Hakukasirika. Akasema tofauti kubwa iko kwenye sarufi: sisi tanakali ya sauti tunaisimamisha pembeni ya kitenzi, wao wanaigeuza kuwa kitenzi chenyewe. Sisi mlango "ulijifunga paa!" Wao mlango "slammed", na kufunga kwenyewe kumo humo humo ndani. Sisi lori "lilipita likinguruma". Wao "the lorry rumbled past", mlio umebeba mwendo mgongoni.

Hilo lilinisaidia kuliko yote. Ripoti zangu zilikuwa zikisema kitu kilifanya "a sound of", kisha naanza kutafuta. Nikaacha. Nikaanza kuandika kilichotokea kwa kitenzi cha mlio, na sentensi zikawa fupi, na bosi akaacha kunipigia simu usiku kuuliza nilimaanisha nini.

Yaliyonichukua muda mrefu ni mawili yanayoonekana rahisi kuliko yote, "bang" na "boom". Nilidhani moja ni kubwa na jingine ni kubwa zaidi. Kumbe sivyo. "Bang" ni kali, ya ghafla, kavu, kama mlango au bunduki iliyo karibu. "Boom" ni nene, ina tumbo, inakuja ikijiviringisha. Nilielewa siku nilipokumbuka Mbagala.

Tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa Gerezani, chini ya Fuso, nimelala chali juu ya katoni. Ghala la silaha la kambi ya jeshi Mbagala liliposhika moto na mabomu kuanza kulipuka, sisi tulikuwa mbali. Kilichotufikia kilikuwa kizito, cha chini, nilikisikia zaidi mgongoni kuliko masikioni, na mabati yakatetemeka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha kwenye tukio lile. Miaka baadaye nilifanya kazi na kijana aliyekuwa Mbagala kwenyewe, akiwa mtoto. Mlio anaoueleza yeye si ule niliousikia mimi. Wake unapasua. Anasema ulikuwa kama kofi la sikio. Hewa hula sehemu kali ya mlio njiani, na ile nzito ndiyo inayosafiri mbali, ndiyo maana radi iliyo juu ya paa hupasuka na ya mbali hunguruma. Bomu lile lile, yeye alipata "bang", sisi tulipata "boom". Tangu hapo nikisoma neno mojawapo kwenye ripoti ya milipuko ya miamba, naweza kukisia mwandishi alikuwa amesimama wapi.

Yapo mengine niliyajifunza kwa kujikwaa haraka na kuinuka. Kwenye kikao cha asubuhi bosi aliniambia nisome taratibu za usalama "aloud". Nikazisoma kwa sauti ya kuuza samaki feri, watu wakakinga masikio. "Aloud" ni kusoma kwa sauti tu, si moyoni; "loudly" ndiyo ya feri. Mara nyingine nilisikia meneja analalamika mpango wake ume-"backfire", nikageuka kutafuta gari. Kwetu gari likitoa mshindo kwenye eksozi tunasema linapiga baruti. Kwao mpango ukimrudia mwenyewe hutumia neno hilo hilo. Shati langu la kitenge niliambiwa ni "loud", nikajibu halina hata zipu ya kulia.

Na Mwalimu, ambaye hawezi kukuacha ulale kabla hajakupa moja la ziada, ndiye aliyenisimulia habari za "Big Bang". Jina hilo la mwanzo wa ulimwengu lilitoka mdomoni mwa Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza, kwenye kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949. Hoyle hakuikubali nadharia hiyo hata kidogo, na hakuikubali mpaka kufa. Alitafuta neno la kuwachorea wasikilizaji picha ya kile anachokikataa, akatoa mlio wa mlango, na mlio ukashika kuliko hoja zake zote. Nilimwambia Mwalimu kwamba huyo angeandika "very loud noise" asingesumbuliwa na mtu.

Miezi kama minane baada ya kifo cha namba tatu, zamu yangu tena ya usiku, namba moja ikaanza kulia. Si sana. Mtu wa nje asingeona tofauti, banda la jenereta lina makelele ambayo hata ukivaa viziba masikio bado unayasikia kifuani. Nilichukua bisibisi ndefu. Nikaanzia juu, kwenye kava za tapeti, silinda moja baada ya nyingine. Tik, tik, tik, ya kawaida, nyepesi, inakwenda nusu ya mwendo wa kranki kama inavyotakiwa. Nikashuka ubavuni hadi karibu na sampu, bakuli la mafuta chini ya injini. Kufika silinda ya tano nikaupata. Mzito, wa chini, kama mtu anayepiga ukuta kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Nikamwambia mwenzangu aongeze mzigo kidogo. Ukazidi. Nikamwambia apunguze. Ukapungua.

Nikashika redio. Nikasema namba moja ina "deep knock", chini, silinda ya tano, "worse under load", bado inazunguka, haijakamata.

Safari hii hakunyamaza. Aliniagiza niizime sasa hivi, nisiipe hata dakika moja, na alifika amevaa malapa. Tulifungua kifuniko cha ubavuni alfajiri. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikuwa imeanza kuvuliwa ngozi, vipande vya shaba vinameta kwenye mafuta. Kranki ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo wa kucha. Tulibadilisha beringi, na jioni yake injini ilikuwa kazini.

Bosi hakunipongeza kwa maneno, si desturi yake. Ila baada ya hapo akaanza kuniuliza maneno yetu. Inagonga aliiweza. Inakwaruza ilimshinda. Tanakali alizipenda kama mtoto, hasa zile za kuanguka, na zilimtoka mahali pasipotarajiwa. Siku moja nikiwa karakana redio ikakoroma. Alikuwa kwenye tangi la maji ya kupozea, peke yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepatwa na msiba.

"Fundi. Spana namba ishirini na mbili."

"Ndiyo, bosi?"

"Chubwi."

"Loud and clear," nikamjibu, nikachukua sumaku na kamba.